Alichosema Mgeni Nyuma ya Kioo

Mara ya kwanza Desmond Pilling alipobisha mlangoni kwangu, nilimwambia aende akawaulize waliozifuta.

"Waliozifuta wamekufa, Bwana Sugden," akasema. Alikuwa amesimama kwenye mvua, kofia mkononi, maji yakimchuruzika shingoni.

"Wote?"

"Karibu wote."

"Basi haki ipo kidogo," nikasema, nikafunga mlango.

Niseme ni nini kilichofutwa. Mwaka 1962, Jumamosi sita mfululizo, saa kumi na moja na nusu jioni, televisheni ilionyesha mchezo ulioitwa Mgeni wa Kioo. Kitu kilianguka kutoka angani kikazama katika bwawa la maji huko juu nyikani, akatoka humo mtu, au kiumbe mfano wa mtu, mrefu, hana nywele, ngozi kama ya samaki. Wanajeshi wakamkamata wakamtia katika chumba cha kioo. Wataalamu wakaja na vyombo vyao kujaribu kuzungumza naye. Jumamosi hizo mtaani kwetu, Mtaa wa Garnet, hukukuta hata paka. Waliokuwa hawana televisheni walijazana kwa waliokuwa nayo, na sisi tulikuwa nayo.

Miaka michache baadaye wakubwa wa utangazaji kule London wakaona rafu zimejaa na kanda ni ghali. Wakaamuru Mgeni afutwe, wakarekodi juu yake mbio za farasi. Zimebaki karatasi walizosomea waigizaji na picha chache za mnato, basi. Mimi niliacha shule nina miaka kumi na nne, lakini hata mimi najua kwamba kitu ambacho watu wanakipenda hukifuti bila kuwauliza. Wakubwa walisoma mpaka vyuo vikuu na hawakulijua hilo. Ndio walewale, ukiniuliza. Majina hubadilika, suti ni ileile. Ndio waliofunga kiwanda chetu cha sufu. Ndio waliofunga wodi ya hapa Scarbeck, hata mke wangu Mavis akapelekwa kufia maili ishirini kutoka nyumbani, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Ni majira matatu ya baridi sasa.

Aliyemleta Desmond alikuwa binti yangu Gillian. Alisoma gazetini kwamba kuna chama cha watu wanaotafuta sauti za vipindi vilivyopotea, naye akaandika barua kwa siri: baba yangu ana kanda sita za Mgeni wa Kioo, ziko chini ya kitanda ndani ya bati la biskuti.

"Umeniuza," nikamwambia.

"Baba, nimekusaidia. Zinaoza humo."

"Acha zioze. Zangu."

Lakini hakujua kwa nini nilizing'ang'ania, kwa hiyo nikamwambia. Picha za Mavis ninazo, sanduku zima. Mavis ufukweni na kofia ya karatasi, Mavis na keki, Mavis amefumba macho kwa sababu mpiga picha ni mimi. Sauti yake sina. Masikio yake yaliuawa na mitambo ya kufuma, kwa hiyo simu hakuipenda, hata ujumbe mmoja hakuwahi kuacha kwenye mashine ya simu ya mtu yeyote. Kiwanda kizima kilijaa sufu na hawakupata hata kijipande cha kuwazibia wanawake masikio.

Sasa, zile kanda nilizirekodi mimi. Olive, dada yake Mavis, alikuwa amelazwa katika hospitali ya kifua kikuu kule kilimani, na huko televisheni haikuwapo. Kwa hiyo kila Jumamosi niliweka kipaza sauti juu ya mto, mto juu ya kigoda, kigoda mbele ya televisheni, nikawasha rekoda. Jumapili tuliibeba ile mashine, nzito kama gunia la viazi, tukamchezea Olive kanda. Na Mavis, kama nilivyomkumbuka, hakunyamaza hata dakika moja katika Jumamosi zote sita. Yule mwanajeshi ana macho ya mwizi. Yule daktari wa kike angepata mume kama angechana nywele. Huyo Mgeni wanamlisha nini, mbona hatuoni akila. Mwanzo mpaka mwisho. Nilijua kwamba nikipata mashine inayozunguka, mke wangu yumo humo ndani ya bati, anaongea.

"Basi si ndiyo sababu ya kumruhusu Desmond?" akasema Gillian. "Ana mashine."

"Ulisoma mpaka chini hilo gazeti lako? Wanazisafisha. Mtu akikohoa, wanafuta. Mlango ukilia, wanafuta. Wanataka Mgeni peke yake." Nikamtazama. "Kelele ni mama yako, Gillian. Watamfuta mara ya pili."

Alikunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

Desmond akarudi mara ya pili, nikamfukuza. Mara ya tatu alikuja na rekoda ya zamani kwenye kigari cha sokoni, na pai ya nyama ya nguruwe kutoka kwa yule muuza nyama wa karibu na kituo cha reli. Mwenye pai ile hafukuzwi mvuani. Nikamwacha aingie mpaka ukumbini.

"Una miaka mingapi, kijana?"

"Hamsini."

"Kwa hiyo hukuzaliwa. Hujawahi kumwona."

"Sijawahi kuona hata dakika moja, Bwana Sugden. Mama yangu ndiye aliyenisimulia nikiwa mdogo, badala ya hadithi za kawaida. Kipande kwa kipande, kila usiku." Akaona haya. "Nampenda mtu ambaye sijawahi kumwona. Najua inavyosikika."

Mimi nilimpenda mtu ambaye sitamwona tena, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumcheka. Nikamwambia sharti langu: hafuti kitu. Hata kikohozi.

Akashusha pumzi. "Siwezi kukuahidi. Kuna kamati."

"Nilijua. Wakubwa."

"Ni watu watano. Mmoja ni mama yangu."

"Wakubwa huanza hivyo hivyo."

"Watataka sauti safi iende pamoja na zile picha, watu wakae waione kama ilivyokuwa." Kisha akasema jambo lililonikata maini. "Lakini Bwana Sugden, kanda za namna hii zinapukutika. Ukifungua hilo bati utakuta unga wa kahawia chini. Huo unga ndio sauti."

Nilipanda juu nikalifungua bati. Unga ulikuwapo, kiasi cha kijiko. Nikashuka nalo.

"Tunasikiliza hapa hapa," nikasema. "Zote sita. Tukimaliza ndipo nitasema kama zitatoka mlangoni mwangu."

Akaiweka mashine juu ya meza ya jikoni, akaivisha kanda ya kwanza kwa vidole kama mtu anayemvisha mtoto mchanga. Gillian akakaa karibu na jiko. Muziki ukaanza, ule wa kinanda kinachoteleza, nikasisimkwa kuanzia nyuma ya magoti. Upepo wa nyikani. Mchunga kondoo anamwita mbwa wake. Kishindo cha maji. Desmond alikuwa amefumba macho, midomo ikienda pamoja na waigizaji. Maneno yote aliyajua kutoka kwenye karatasi.

"Safi," akanong'ona.

Mimi nilikuwa nangoja. Nilijua mahali pa kwanza pa kumsikia: mwanajeshi anaposhuka garini. Macho ya mwizi. Mwanajeshi akashuka. Viatu kwenye changarawe. Hapakuwa na Mavis.

Kanda ya kwanza ikaisha hivyo. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Desmond alizidi kung'aa.

"Sijapata kusikia kanda safi namna hii. Nyumba nyingine unasikia mtoto, mbwa, baba anauliza chakula kiko wapi. Nyumba yenu ilikuwa ya watawa?"

"Baba, vipi?" akauliza Gillian. "Umekuwa mweupe."

"Mama yako hayumo."

"Labda siku hizo alinyamaza."

"Mama yako? Alinyamaza?"

Hata yeye ilibidi acheke kidogo. Lakini mimi kicheko sikuwa nacho. Nilikuwa nimekalia bati lile miaka mitatu kama kuku anayelalia jiwe. Nikaanza kujiuliza mambo mabaya: kama kumbukumbu hii ni ya uongo, ni zipi nyingine. Pengine hata hakukaa nami kwenye lile kochi. Pengine nilimtunga baada ya kufa.

Ilikuwa katikati ya kanda ya nne, daktari wa kike anaimba wimbo wa kulaza mtoto nje ya kioo ili kuona kama Mgeni atasikia. Desmond alikuwa ametupa mgongo, kichwa karibu kiingie ndani ya spika. Gillian hakutaka kumsumbua. Akanitazama kutoka upande wa pili wa jikoni, akainua birika, akasema bila sauti, kwa midomo tu, akiivuta na kuifungua wazi kama alivyofundishwa na mama yake: Nikuwekee chai?

Nikamjibu vivyo hivyo: Weka, na sukari.

Kisha nikabaki mdomo wazi.

Mtu ambaye hakufanya kazi kwenye ufumaji hawezi kulijua hili. Ndani ya kile chumba cha mitambo mia moja, ungeweza kufyatua bunduki na jirani asigeuke. Kwa hiyo wanawake waliongea kwa midomo na uso mzima, na walisomana kutoka ukuta hadi ukuta. Nje ya kiwanda hawakuacha. Waliongea hivyo kanisani mahubiri yakiendelea, waliongea hivyo dirisha kwa dirisha kuvuka barabara, mimba ya mtu ikajulikana mtaa mzima bila neno moja kutamkwa. Mimi nilikuwa fundi wa mitambo, mwanamume mmoja kati ya wanawake arobaini. Nilijifunza haraka, maana wasiojifunza walitukanwa usoni huku wakichekewa.

Na nyumbani, kanda ikizunguka, nilikuwa nikiinua kidole. Kimya. Mavis alitii. Alinigeukia kwenye kochi akaongea Jumamosi zote sita kwa midomo, mwanzo mpaka mwisho, na mimi nilisoma kila neno. Miaka hamsini na miwili nimekumbuka midomo nikidhani nakumbuka sauti.

Nilimwambia Desmond azime. Nikamweleza. Gillian alikuwa amekaa, kikombe changu mkononi, amesahau kunipa.

Desmond akaitazama kanda iliyosimama. Kijana wa watu, ndiyo kwanza amepata kanda safi kuliko zote Uingereza, na akaona aibu kufurahi. "Pole sana, mzee wangu," akasema mwishowe. Ndiyo mara ya kwanza aliacha kuniita Bwana Sugden.

"Zichukue," nikamwambia. "Hamna cha kufuta humo. Kamati yako itafurahi."

"Bado mbili."

"Zichukue nazo."

"Zisikilize, Baba," akasema Gillian. "Kwa ajili ya Mgeni tu. Na yeye alimpenda."

Kweli alimpenda. Tukasikiliza ya tano. Kabla ya kuvisha ya sita, Desmond alitoa picha tatu za mnato akazipanga mezani, akanieleza nilichokijua nusu. Mwisho wa mchezo, jenerali ana mkono kwenye swichi. Mgeni anasogea mpaka kwenye kioo, analeta uso wake karibu, anasema kitu. Sauti haipiti. Kisha taa zinazimwa na mchezo umekwisha. Kwenye karatasi za waigizaji imeandikwa tu: Mgeni anasema, hatusikii. Mwigizaji mwenyewe alikufa kabla mtu hajafikiria kumuuliza.

"Watu wamegombana juu ya hilo miaka hamsini," akasema. "Kuna bwana mmoja Aberdeen anaamini zilikuwa namba za nyota. Mama yangu anasema alitutukana na tulistahili."

"Na wewe?"

Akazipanga upya zile picha. "Mimi nadhani alisema, Nimewasamehe."

Tukawasha. Nilikuwa nasikiliza kwa nusu sikio, nikimtazama Gillian, ambaye akikunja uso ni mama yake mtupu. Jenerali akatoa amri. Viatu. Mngurumo wa mashine. Kisha ule mngurumo nao ukafifia, ukabaki mvumo wa kanda yenyewe, na hapo ndipo Mgeni alipokuwa akisema maneno yake, na hatukusikia kitu.

Halafu mwanamke akacheka.

Hakikuwa kicheko cha mchezo. Kilikuwa kikubwa, cha tumboni, karibu mno na kipaza sauti, kicheko cha mtu aliyezoea kutosikika hata na yeye mwenyewe. Gillian aliangusha kijiko.

"Arnold," ikasema ile sauti, imebanwa na kicheko, "anasema anakufa kwa joto humo ndani. Anataka chai."

"Nyamaza, mwanamke, kanda inazunguka." Huyo nilikuwa mimi. Sauti kavu, ya kijana wa miaka thelathini anayejiona.

"Sasa si wampe tu, maskini."

Muziki ukaingia, ukaenda mpaka mwisho, kanda ikatoka ikapigapiga kwenye gurudumu, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyoosha mkono kuizima.

Hapo nikakumbuka yote. Mimi sikumwona Mgeni akisema. Macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu, nikihofu kanda itaisha kabla ya mchezo. Kisha Mavis akaharibu rekodi, kama nilivyoona mimi wakati huo, nikanuna jioni nzima, na Jumapili nikakataa kwenda hospitali. Aliisukuma ile mashine peke yake mpaka kilimani, ndani ya kigari cha mtoto alichoazima kwa jirani. Hatukuwahi kuizungumzia tena. Nimewatukana wakubwa maisha yangu yote, na kwenye lile kochi, mwenye kidole cha kunyamazisha watu nilikuwa mimi.

"Chai?" akasema Desmond.

"Ndivyo alivyosema."

"Angewezaje kujua?"

"Mavis alimsoma mtu kutoka mitambo arobaini mbali, kwenye vumbi la sufu, mtu akitafuna mkate. Mtu amejaa uso kwenye kioo, atamshinda? Na huyo mwigizaji wenu alivikwa mpira mwili mzima, chini ya taa zile, akaambiwa aseme chochote kwa kuwa hatasikika. Wewe ungesema nini?"

Akaichukua picha ya katikati, akautazama ule mdomo. Nikavaa miwani nikautazama na mimi. Sikuweza kuapa kwamba ni chai. Lakini msamaha haukuwa.

Desmond akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia, na kweli machozi yalikuwapo, ila alikuwa akicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Namba za nyota," akasema. "Bwana wa Aberdeen ameandika kitabu."

Alipojifuta uso, alirudisha kanda nyuma kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake. "Sekunde kumi na nne," akasema taratibu. "Kwa kawaida, mahali kama hapa ndipo tunapokata."

"Kata, na utatoka hapa na mvua yako, bila bati."

"Mzee wangu, nikikata tunarudi kutojua." Akafunga daftari. "Kamati watanichuna ngozi. Mama yangu ataanza. Lakini huyu ndiye mtu pekee katika nchi hii aliyezungumza na Mgeni. Simkati mimi."

Nikamsogezea bati. Kisha nikafikiria kitu, nikaliwekea mkono juu.

"Ile sauti ya kumnyamazisha," nikasema. "Hiyo yangu. Hiyo unaweza kuifuta."

"Ulisema nisifute kitu. Hata kikohozi."

"Nimebadili."

"Baba," akasema Gillian, naye hakutoa sauti, alitumia midomo tu, lakini neno alilofuatisha lilikuwa la mama yake na siliandiki hapa.

Nikaondoa mkono.

Mwezi wa kumi na moja waliionyesha kwenye ukumbi wa kanisa letu, zile picha za mnato ukutani, na sauti yetu chini yake. Walikuja watu mia moja na zaidi, wengine kutoka Wales. Bwana wa Aberdeen alikuja pia, akakaa mbele amekunja mikono. Wafumaji waliobaki hai, wanne, walikaa safu moja, na kabla taa hazijazimwa walikuwa wameshasengenya ukumbi mzima bila sauti. Niliwasoma, na viatu vyangu havikuwapendeza.

Ilipofika mwisho, uso wa Mgeni ukajaa ukuta, mdomo wazi nyuma ya kioo. Ukumbi ukawa kimya kabisa, watu wamesogea mbele kwenye viti. Mavis akacheka. Akasema alichosema, na ukumbi mzima ukacheka naye, wafumaji wanne wakipiga mapaja, hata yule wa Aberdeen mabega yalimtikisika.

Kisha sauti yangu ikawaamuru wanyamaze, na hakuna aliyetii.